Nimeinama, Sikukuinamia

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Na wewe unayechokoa moto, acha, utatuunguza.

Hapo zamani za kale, wanyama na watu wakisemezana, palikuwa na nchi kavu, mvua huko ni mgeni. Wenyeji wakaamua kuchimba lambo. Wakachimba, wakachimba, wakachimba, hata migongo ikapinda. Bi Kidawa alichimba. Tumbili walichimba. Nyati alichimba. Mume wa Bi Kidawa alichimba mpaka udongo ukamporomokea, akazikwa ukingoni pale pale. Twiga je? Twiga alikuwa akitafuna majani ya juu, anatazama.

Maji yalipotoka tu, huyo! Akaja, akasimama, akasema, "Mimi ndiye mrefu kuliko nyote, basi mimi ndiye mfalme." Watu walikuwa hoi kwa uchovu, hawakubisha. Hilo ndilo kosa lao, na mimi nawalaumu mpaka leo.

Twiga akamweka Nyati kuwa mlinzi, kisha akatangaza sheria: "Asiyeinama hanywi!" Yeye mwenyewe hakuinama hata mara moja. Tumbili walipanda mtini na vibuyu, wakamnywesha huko huko juu.

Sasa Bi Kidawa alikuwa na mjukuu mmoja tu, Chausiku, mtoto wa kubebwa mgongoni. Hakubakiwa na mwingine duniani. Mtoto akashikwa na homa, midomo ikakauka, akawa anataka maji, maji, maji.

Siku ya kwanza Bi Kidawa akaja na mtungi wake. Akampa Twiga mgongo, akainama, akateka.

"Ala!" Nyati akafoka. "Bibi, hujainama!"

"Nimeinama, huoni? Sheria imesema inama. Haikusema nimwinamie nani. Nimeyainamia maji."

Watu wakacheka chini chini. Nyati akakuna kichwa, akasogea kando. Bi Kidawa akaenda zake na mtungi umejaa.

Mnadhani Twiga alilala? Asubuhi sheria ilikuwa mpya: "Asiyeniinamia hanywi!"

Siku ya pili Bi Kidawa akasimama mbele yake wima kama mtwangio. "Naliinamia jembe, linanilisha. Namwinamia mjukuu wangu, anaumwa. Naliinamia kaburi la mume wangu, lile pale. Wewe nikuinamie kwa lipi?"

"Kwa kiu yako," Twiga akasema.

Bi Kidawa akarudi na mtungi mtupu. Jioni Chausiku akalia, na machozi hayakutoka, yalikuwa yamekwisha. Bi Kidawa aliumia moyo sana. Akajiuliza, "Hivi kiburi changu kitaniulia mtoto?" Akajijibu mwenyewe, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kesho nitamwinamia, liwalo na liwe."

Siku ya tatu akafika, amebeba aibu yake pamoja na mtungi. "Mfalme, nimekuja kukuinamia." Magoti yalikwishaanza kukunjika, ndipo Twiga, ambaye hakujua kutosheka, akasema:

"Ngoja kwanza. Sema watu wote wasikie: Lambo hili kalichimba Twiga."

Weee! Bi Kidawa akanyooka.

"Mgongo ningekupa," akasema. "Ulimi sikupi! Lambo hili tulilichimba sisi, na mume wangu limemmeza."

"Mwinamishe!" Twiga akapiga kelele. Nyati akamwekea kichwa chake kizito shingoni, akamkandamiza mpaka uso ukagusa tope.

"Sikuinama, nimeinamishwa!" Bi Kidawa akalia humo topeni.

Nyati akakaza.

"Sikuinama, nimeinamishwa!"

Nyati akakaza tena.

"Sikuinama, nimeinamishwa!" Sasa sauti ilikuwa ndogo, lakini Tumbili mkubwa kule mtini aliisikia. Akatazama kibuyu alichoshika, akakitupa chini, pwaa! Na wa pili akatupa, pwaa! Na wa tatu, pwaa! Nyati naye akakumbuka nani aliyekuwa akichimba ubavuni mwake siku zile. Akauondoa uzito wake, akainua kichwa, akasema, "Bibi, nisamehe."

Bi Kidawa hakuwa na wakati wa hayo. Akajaza mtungi, akakimbia nyumbani. Twiga alipiga kelele, "Mzuieni! Mzuieni! Mzuieni!" na hakuna aliyetikisika. Alipiga kelele mpaka koo likamkauka, na mnajua koo la twiga lilivyo refu.

Jua likapanda. Twiga akatazama mtini, hakuna kibuyu. Jua likawaka. Twiga akamtazama Nyati, Nyati akaangalia pembeni. Jua likageuka. Maji yalikuwa pale pale, chini ya miguu yake.

Alasiri Bi Kidawa akarudi kuteka mtungi wa pili, Chausiku yuko mgongoni, amekunywa, amepata nguvu, anavuta kilemba cha bibi yake. Akasimama kwenye ukingo ule ule, karibu na Twiga. Hapo ndipo kiu ilipomshinda Twiga. Akatanua mguu huu, akatanua na huu, akatetemeka, akashusha ile shingo yake chini, chini, chini, mpaka pua ikafika majini, mbele kabisa ya miguu ya Bi Kidawa.

Bi Kidawa akamtazama, akajifuta tope lililomkaukia shavuni, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Marahaba, mwanangu."

Tangu siku hiyo nchi ile haikuwa na mfalme wa maji. Na twiga, mpaka leo, kabla hajanywa hutazama kwanza huku na huku, asije akawa bibi yule yupo.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa lambo. Mwenye kiu na ainame anywe, ila asiniambie nimwinamie yeye.