Ubao wa Vidole Viwili

Sogeeni. Na wewe unayejifanya hakimu, sogea zaidi, leo nina kesi yako.

Kisiwani Namuhura walikuwapo watu watatu. Bwire alikuwa na sikio: injini ikikohoa mbali, anakutajia ugonjwa wake. Nyangeta alikuwa na jicho: akitazama maji nyuma ya boti, hahitaji rula kujua injini imezama kiasi gani. Mafuru alikuwa na mikono tu, na tumbo la kumaliza ugali wa watu watatu.

Asubuhi moja Nyamisi, mjamzito wa hapo kisiwani, alishikwa na uchungu. Alikwisha kuzika watoto wawili waliofia majini kabla ya kufika hospitali ya ng'ambo. Wale watatu wakamlaza botini, wingu jeusi likiwatazama. Sasa, wavuvi wa kule huipandisha injini juu ya kipande cha ubao, propela isinase nyavu za ufukweni. Kwa haraka, hakuna aliyekumbuka kuutoa.

Katikati ya ziwa mawimbi yalipoanza, injini ikapiga yowe na boti ikasimama.

"Zima!" akasema Bwire. "Propela inakula hewa. Injini imekaa juu, tukiilazimisha itaungua."

Wakautoa ubao. Boti ikaenda, lakini ikijikokota, na maji yakaruka nyuma hadi miguuni kwa Nyamisi.

"Sasa imezama mno," akasema Nyangeta. "Ipande vidole viwili. Si kimoja, si vitatu." Akaupasua ubao ule kwa panga.

Lakini nani ainue chuma kilichochemka, boti ikiyumba? Mafuru akaikumbatia injini. Ngozi ya kifua ikanuka. "Fanyeni upesi jamani, naungua!" Hakuiachia mpaka ubao ukakaa.

Boti ikaruka. Wakafika mvua ikiwa mgongoni, na mtoto akazaliwa hai.

Msiniulize wa kiume au wa kike, kwao jina halichagui. Aliyevushwa katika kifo huitwa kwa jina la aliyemvusha, jina moja tu, na hanyonyi mpaka aitwe. Akiitwa lisilo lake, hakai duniani. Na jina likishatamkwa ni maji yaliyomwagika.

"Nimezika wawili," Nyamisi analia. "Nisaidieni nisimkosee huyu."

Niliowauliza kabla yenu bado wanagombana, na mtoto hajanyonya tangu jana. Je, wewe ungemwita nani? Amua, ndugu yangu. Kilio chake kimeanza kupungua.