Kilemba cha Mwanahija

Hapo zamani za kadhi mmoja na baraza moja, katika mji wetu wa pwani, alikuwapo mjane akiitwa Mwanahija. Mumewe alimwachia nyumba na mabinti wawili. Akiwa bado ndani ya eda, hatoki wala haonekani, shemeji yake Mwinyimvua akafungua shauri: nyumba ni yangu, mjane atoke. Aliharakisha kusudi. Alijua mwanamke wa eda haendi barazani.

Siku tatu kabla ya shauri, Bi Kazija, mkunga mkongwe, alikuja kumkanda mgongo. Akakanda, akaacha. Akakanda, akaacha.

"Mama, mbona unakanda na kuacha?"

"Mwanangu, niliapa nisiseme. Mama yake kadhi alipomzaa, maziwa yalikataa kutoka. Akaona aibu. Nikambeba mtoto kwa siri, akanyonya kwa jirani siku arobaini. Jirani huyo ndiye mama yake Mwinyimvua."

"Basi ni ndugu wa kunyonya! Na mkaficha?"

"Tulisema, wote wanaume, hawataoana. Siri hii itamdhuru nani?"

Mwanahija hakula siku ile. Je, kadhi mwenyewe anajua? Na nani wa kumwuliza?

Maana desturi ilikuwa hivi. Kadhi hakati shauri la ndugu yake, na kabla ya kila shauri huuliza mara tatu: "Yupo mwenye neno juu yangu?" Baada ya mara ya tatu, hakuna tena kusema. Na atakayesema neno lisilo kweli hutolewa mjini, harudi. Hakuna aliyekumbuka mtu kujibu.

Mihambo, Mnyamwezi, alikuwa mtani wa marehemu, na ndiye aliyemchimbia kaburi. Alipoleta kuni, Mwanahija akamweleza akiwa nyuma ya mlango.

"Nyie wala samaki hamna haya!" akasema Mihambo. "Mmekwisha kunichimbisha kaburi, sasa mnataka nifukuzwe. Nani atawazika?"

"Mtani, mimi na wanangu tutalala wapi?"

Mihambo akatua kuni, akaondoka bila kutania. Mtani kuacha utani si jambo dogo.

Siku ikafika. Kadhi akauliza mara ya kwanza. Kimya. Akauliza mara ya pili, akamtazama Mwinyimvua, kisha akatazama mkeka. Kimya. Akauliza mara ya tatu, na kabla sauti haijakatika, Mihambo akasimama.

"Kadhi, mdomo wangu haujui adabu, lakini leo sitanii. Nauliza: ulinyonya wapi?"

Baraza likaguna. Mwinyimvua akaruka: "Anamtukana kadhi! Atolewe!"

Bi Kazija hakuwapo. Wanawake hawakuingia humo, ila mwenye shauri. Mihambo hakuwa na shahidi. Kadhi angesema, "Kwa mama yangu," yakaisha. Badala yake akamnyooshea Mwinyimvua kidole.

"Nilinyonya kwa mama yake huyu," akasema. "Mama aliniambia siku aliyokufa. Shauri hili sitalikata."

Likapelekwa kwa kadhi wa mji wa pili. Eda ilipokwisha, Mwanahija akaenda mwenyewe, akasema yake, akapewa nyumba.

Sasa, aliyeshinda shauri hutoa kilemba kimoja kwa aliyelinyoosha. Kimoja tu, wala hakikatwi vipande. Watatu wakaja.

Bi Kazija akasema, "Bila mimi kuna swali gani? Nimevunja kiapo nilichomwapia marehemu mama yake kadhi. Nitamjibu nini huko niendako?"

"Kiapo hicho ungeweza kukivunja miaka yote hiyo, mama," akasema Mihambo. "Wewe ulinong'ona chumbani. Mimi nilisimama mbele ya watu na jambo nililolisikia tu, na mji mzima ningeupoteza."

Kadhi akasema, "Ulisimama, kweli. Lakini neno lako lilikuwa jepesi kama unyoya mpaka nilipoliwekea uzito. Nimemwangusha ndugu yangu na kumfedhehesha mama yangu, na hakuna aliyenilazimisha."

"Uliuliza mara tatu ukijua jibu, kadhi!" akasema Bi Kazija. "Kama huyu asingesimama?"

Kadhi akainamisha kichwa. "Hilo najiuliza kila nikilala. Sijui."

Mwanahija akawatazama mmoja mmoja, akakikunja kilemba, akakirudisha kashani. Alikufa hajakitoa. Kimo humo hadi leo, na mikunjo yake ni ileile.

Nanyi mliosikia yote, mkipewa ufunguo wa kasha, kilemba mtamvisha nani?