Jina Moja Juu ya Mwamba

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya juzijuzi, milimani Upare palikuwa na msichana akiitwa Nakunda. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga. Baba yake, Kiangi mwenye duka, hakujua kubembeleza, alijua kutoa. Nakunda akilia, soda. Nakunda akicheka, biskuti. Nakunda akinyamaza, keki na soda ya pili. Na duka lilikuwa langoni mwa shule, basi watoto wote wakazoea vivyo hivyo.

Mwili wa Nakunda ukaizidi pumzi yake. Siku moja akaanguka uwanjani. Daktari akamwambia Kiangi, "Moyo wa mwanao unafanya kazi ya moyo wa mzee. Mkiendelea hivi, utachoka kabla ya wako."

Kiangi alirudi nyumbani. Asubuhi akaondoa soda na biskuti zote rafuni, akapanga ndizi, mapera na karanga. Wateja wakamhama, wakamcheka. Hakuzirudisha.

Shuleni, mpishi Mama Elinipa naye akageuza chungu. Maandazi yakaondoka, ikaja kande yenye mboga za maboga na mafuta kidogo. Watoto wakaimwaga. Akapika tena. Wakaimwaga tena. Akaketi katikati yao akala nao, akabadili viungo, mpaka wakaanza kulamba sahani. Na mwalimu mmoja aliposema Nakunda apunguziwe, mpishi alimkatiza: "Kwangu hakuna sahani ya mnene na sahani ya mwembamba. Watoto watakula chakula kimoja, washibe."

Tena alikuwapo Nasemba, rafiki yake Nakunda, mwenye mbio kuliko wote pale shuleni. Akaacha mazoezi ya jioni ili atembee naye. "Twende mpaka mtoni tu," alimwambia. Baadaye, "Twende mpaka ng'ambo." Kwenye timu ya mbio nafasi yake akapewa mwingine.

Mwaka uliofuata, shule na wazazi wakapanda mwamba mkubwa ulio juu ya kijiji. Nakunda hakuwahi kuupanda. Alipanda akitweta, akapumzika, akapanda, pengine kwa mikono na magoti, hata akasimama kileleni.

Lo! Mawingu yalikuwa chini ya miguu yake. Mbali, Mlima Kilimanjaro ulisimama peke yake, mweupe, kana kwamba haukushikana na ardhi. Nakunda hakujua kama dunia ni kubwa namna ile. Machozi yalimtoka wala hakuyafuta.

Sasa, desturi ya huko ni hii: anayefika mara ya kwanza huita jina la aliyemfikisha, jina moja tu, na majabali ya ng'ambo huliitikia. Jina lililoitikiwa halisahauliki kijijini.

"Mwanangu, sioni haya," alisema Mama Elinipa. "Niite mimi. Miguu haipandi kwa njaa wala kwa maandazi. Nilikipika chakula chako huku natukanwa."

Kiangi aliinamisha kichwa. "Mimi niliacha kosa langu, basi. Lakini kuliacha kumenimalizia duka, na majirani wanasema nimerogwa."

Nasemba alikuwa akitazama bondeni. "Mimi nilipenda sana kukimbia," alisema.

Mwalimu mkuu akakohoa. "Mnamsahau mmoja. Chakula kilipakuliwa, nani aliyekila na kuacha utamu aliouzoea? Njia ilikuwapo, nani aliyeitembea akizomewa? Nakunda, ukitaka, ita jina lako mwenyewe. Desturi haikatazi."

Nakunda akamtazama baba yake, akamtazama mpishi, akamtazama rafiki yake, kisha akaitazama mikono yake iliyochubuka kwa mawe. Akageukia ng'ambo, akaita kwa nguvu zake zote, na majabali yakaitikia, jabali kwa jabali, mpaka bondeni kuku wakashtuka.

Jina gani? Mimi sisemi kwanza. Semeni nyinyi mliokaa hapa: je, nani alistahili?