Kindi na Programu Isiyokuwapo

Zamani sana, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na mtandao na sisi binadamu bado tukipuliza moto kwa mdomo, Tembo alikuwa na programu ya kuuza mahindi. Kiboko, ng'ambo ya mto, alikuwa na programu ya kupima maji.

Swala aliagiza mahindi kwa Tembo, akavuka mto kuyafuata. Mto ulikuwa umefurika. Chubwi! Akasombwa, akaopolewa hoi.

"Mzee, ungemwuliza Kiboko hali ya mto kabla ya kutuita," Swala akamwambia Tembo.

"Nimwombe Kiboko? Mimi? Na programu yake haijui lugha ya yangu."

Kiboko naye alitamani kujua mahindi yanatolewa lini, apange wavushaji. Kumwomba Tembo akaona aibu.

Kindi, aliyewasikia wote wawili, akaenda kwa Tembo. "Shikamoo, mzee. Nina programu kubwa inayoujua mto. Yako iitumie ombi fupi, kwa maneno tutakayokubaliana, itajibu papo hapo. Mambo yako ya ndani siyagusi. Nipe karanga tu."

Kwa Kiboko akasema vivyo hivyo, ila programu ikawa inayajua mahindi.

Kumbe hana kitu. Ombi la Tembo likifika, ti, kikompyuta chake kinaligeuza katika lugha ya programu ya Kiboko na kulipeleka. Jibu likirudi, ti, kinaligeuza tena. La Kiboko nalo likaenda kwa Tembo hivyo hivyo. Hakuna aliyesombwa tena.

Kwenye harusi ya Nyati, Tembo akajigamba: "Kiboko, sikuhitaji. Programu ya Kindi imeniambia leo maji yanamfika Nyati kifuani."

Kiboko akaacha kutafuna. "Hayo ni maneno yangu."

Wakaenda kwa Kindi, wakasukuma mlango, puu. Ndani: mkeka, kikompyuta, maganda ya karanga.

"Programu kubwa iko wapi?"

"Ziko mbili, wazee. Moja kwako, moja kwake. Mimi nazipatanisha."

Wakamfukuza.

"Sasa tutaulizana wenyewe," Tembo akasema. "Anza wewe."

"Mimi? Mwenye wateja wa kuzama ni wewe."

Hakuna aliyeanza. Mvua ikanyesha, wateja wakakwama ukingoni wakiuliza maji yakoje, wasijibiwe.

Kulipokucha, Tembo alimfuata Kindi alikokimbilia, kimyakimya, na gunia la karanga. Njiani akakutana na Kiboko, naye kabeba lake.

"Napita tu," Tembo akasema.

"Hata mimi."

Kindi akapokea yote mawili.

Wanangu, wakubwa wasiotaka kusemezana humlisha mdogo anayewasemea.