Kikohozi cha Tusekile

"Penye nyoka usikohoe." Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo mkaangua kicheko, eti nyoka na kikohozi wapi na wapi! Haya, chekeni mmalize. Methali hii ilianza hivi, na haikuanza kwa kicheko.

Zamani huku milimani, mkaza mwana hakusema na baba mkwe wake. Hakumtazama usoni wala kutaja jina lake. Wakikutana njiani, mwanamke alikohoa, na mzee akatoka njiani, akasimama majanini na kumpa mgongo mpaka apite. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu, na aliyeivunja alirudishwa kwao.

Tusekile aliishika adabu hiyo kuliko wenzake. Tangu aolewe hakuwahi kumwambia mkwewe, mzee Mwaipaja, hata neno moja. Lakini jamani, alimpenda! Alipojifungua akakosa maziwa, ni mzee huyo aliyemletea kibuyu cha maziwa ya ng'ombe kila asubuhi, akakiweka kizingitini na kwenda zake. Tusekile alitamani kumshukuru. Angesemaje? Aliishia kukiosha kibuyu kikang'aa, basi.

Asubuhi moja alikuwa akishuka mtoni. Kwenye majani ya kando ya njia akamwona nyoka, kifutu, kajikunja, mnene kama mkono wa mtu. Akasimama. Mara mzee akatokea upande wa pili, pekupeku, kibuyu mkononi.

Tusekile akafungua kinywa. Aseme? Ulimi ukagoma. Akafanya lile alilolizoea: akakohoa, akidhani mzee atasimama.

Mzee wa watu akajua anaombwa njia. Akatoka, akaingia majanini, akageuka.

Tusekile akakohoa tena, kwa nguvu, kifua kikamuuma. Mzee akadhani mkwewe ana haraka. Akasogea ndani zaidi, kwa heshima zote.

"Baba! Nyoka!"

Alikuwa amechelewa. Kifutu alikwisha kumuuma mguuni, na maziwa yalikuwa yamemwagika chini. Tusekile akamkimbilia, akampakata kichwa, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Nilikukoholea, baba! Nilikukoholea!"

"Nilisikia, mwanangu. Ndiyo maana nikakupisha." Mzee akatabasamu kidogo. "Kumbe sauti yako ndiyo hii."

Jua lilipozama, mzee hakuwepo tena.

Matangani watu wakaanza kunong'ona kwamba Tusekile amevunja mwiko, kamshika mkwe. Mjane wa marehemu akawasikia, akainuka.

"Mwacheni mwanangu! Angeuvunja mapema, mume wangu angekuwa hapa. Nanyi wakaza wana, waheshimuni wakwe zenu. Lakini penye nyoka usikohoe."

Msiba ulipokwisha, Tusekile alikiosha kile kibuyu kikang'aa, akakipeleka kaburini. Akasema, "Ahsante, baba," kwa sauti kubwa kabisa, kisha akakaa chini akalia, maana wa kumwitikia hakuwepo.

Ndiyo hivyo, wanangu. Penye nyoka usikohoe.