Mafuta ya Mwalimu Fisi

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, na kwa kuwa mimi napenda mambo yawe kamili nitawatajia na siku: ilikuwa Jumanne, saa moja na robo asubuhi. Digidigi alisimama mbele ya uwanja wa Fisi, mwalimu wa kuinua mawe, magoti yakigongana. Ko-ko-ko-ko!

Nani alimtuma huko? Kisima kilimtuma.

Kijiji cha wanyama kilikuwa na kisima kimoja tu, kimefunikwa kwa jiwe la duara ili vumbi lisiingie. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kuliondoa jiwe hilo alfajiri. Nyumba iliyoshindwa haikuchota maji mpaka zamu yake irudi, yaani siku saba. Zamu ya akina Digidigi ilikuwa Ijumaa. Siku zote aliyeliondoa jiwe alikuwa mama. Lakini mama alikuwa amejifungua Jumamosi iliyopita, na mzazi hainui kitu kizito mpaka arobaini yake itimie. Baba alikuwa malisho ya mbali.

Kwa hiyo Digidigi asipoliondoa jiwe, mama hanywi. Mama asipokunywa, maziwa yanakauka. Na kile kichanga, ambacho hata jina kilikuwa hakijapewa, kingeishi siku ngapi?

Kulikuwa na sheria nyingine, na hii mwikumbuke vizuri. Wakati wa kiangazi hakuna kumwinda jirani. Ila mnyama akifa mwenyewe, mzoga ni wa Fisi.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Digidigi.

"Marahaba, binti yangu, marahaba!" Fisi alitoka pangoni akijilamba. "Umekuja kujifunza kuinua mawe? Umefika penyewe. Hebu nione mgongo. Aa! Mgongo mzuri. Mwembamba, lakini mzuri."

Shingoni Fisi alining'iniza firimbi ya pembe. Akaipuliza. Prrriii! Wanafunzi wawili wakaja mbio, Nyumbu na Ngiri.

"Huyu Nyumbu ana nguvu kuliko nyote," alisema Fisi. "Na huyu Ngiri ni mwepesi wa kushika somo."

"Na Swala je?" aliuliza Digidigi. "Nilisikia naye anasoma hapa."

"Swala amehitimu," alisema Fisi.

Digidigi aliitazama ile firimbi. Ilikuwa na ufa mdogo karibu na ncha. Pembe ya kushoto ya Swala ilikuwa na ufa mdogo karibu na ncha.

"Alinipa zawadi siku aliyohitimu," alisema Fisi, akiifunika kwa kiganja.

Digidigi akajiambia: nyufa ziko nyingi duniani. Zamu yangu ni Ijumaa.

Somo likaanza. Fisi aliketi kivulini akipiga kelele.

"Miguu inyooke kama mti! Anayekunja magoti ni mvivu! Kunja kiuno, shika pumzi, halafu vuta kwa ghafla! Kwa mgongo! Mgongo!"

Digidigi alivuta kijiwe kidogo kama boga. Kitu kikamchoma kiunoni, chwi!

"Mwalimu, panauma."

"Panauma? Vizuri sana! Nguvu ndiyo inaingia hivyo. Njoo nikupake mafuta ya misuli."

Akatoa kibuyu, akamsugua mgongo mzima, mapaja na shingo. Mafuta yaliwasha mpaka machozi yakamtoka.

"Na sikilizeni," alisema Fisi, akiwatazama mmoja mmoja. "Mambo ya chuo hayasemwi nyumbani."

Jumatano Ngiri alipewa jiwe kubwa maradufu ya lile la jana.

"Mwalimu, si tupande kidogo kidogo?" aliuliza Ngiri.

"Kidogo kidogo ni kwa wazee. Wewe si dume?"

Nyumbu akacheka. "Inua bwana! Au umebeba hayo meno kwa mapambo?"

Ngiri akanyoosha miguu, akakunja kiuno, akashika pumzi, akavuta kwa ghafla.

KAH!

Akaanguka kifudifudi. Hakuweza kuinuka wala kugeuka.

"Maskini, umeteguka," alisema Fisi, na mate yakamdondoka. "Njoo kwangu upumzike." Akamkokota hadi pangoni, na kibuyu cha mafuta akakichukua.

Digidigi alijongea mlangoni pa pango. Ndani giza. Sauti ya Ngiri ikatoka, nyembamba kama ya mtoto.

"Maji. Mwalimu, nakuomba maji."

"Maji hayafai kwa mgongo ulioteguka," ilijibu sauti ya Fisi. "Lala. Kesho, keshokutwa, kiu itakwisha yenyewe."

Digidigi alikimbia hadi nyumbani bila kugeuka nyuma. Mama alikuwa amelala chumba cha ndani na kichanga kifuani. Digidigi alitaka kupita kimya, lakini pua ya mama ikainuka.

"Hebu njoo hapa."

"Sina kitu, mama."

"Nimesema njoo." Mama akamnusa shingo, mgongo, mapaja. "Chumvi. Ndimu. Tangawizi. Kitunguu saumu." Akamshika mabega. "Wewe ni mwanangu au mshikaki? Nani kakupaka viungo?"

Ndipo Digidigi akalia na kusema yote. Firimbi, Ngiri, maji.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?" alisema mama. "Miaka yote hii unadhani naliondoa lile jiwe kwa uchawi?"

"Uko kwenye arobaini, mama. Sikutaka uinuke."

"Kusema hakuhitaji kuinuka."

"Tukawaambie wazee wa kijiji basi!"

"Tuwaambie nini?" alisema mama. "Fisi hajamng'ata mtu. Ngiri aliteguka mbele ya macho yenu, na mafuta si meno. Atakufa mwenyewe, na sheria itasema ni halali yake."

Hilo ndilo lililomtisha Digidigi kuliko yote: kwamba hakuna sheria iliyovunjwa.

Mama akamwonyesha jiwe la kusagia pale pembeni. "Sogea karibu nalo mpaka miguu iliguse. Chuchumaa kama unayeosha vyombo. Mgongo usikunje. Sasa toa pumzi na usukume ardhi kwa miguu, kana kwamba unataka kuizamisha."

Jiwe likainuka. Hakuumia popote.

"Tena. Na lile la kisima usijaribu kulibeba, hakuna aliyewahi kulibeba. Lisimamishe kwa ukingo wake, kisha uliviringishe."

Digidigi alirudia mara kumi na mbili. Alihesabu. Lakini kila aliposhusha jiwe alisikia ile sauti nyembamba ikiomba maji, na akajua kwamba kesho hana budi kurudi kule.

Alhamisi asubuhi alirudi.

"Mwalimu," alisema, na hakuhitaji kuigiza woga, maana ulikuwepo tele, "leo nataka lile kubwa kabisa."

Fisi alisimama kwa miguu yote minne. "Lile kubwa! Hihihi! Sikia, Nyumbu! Huyu ndiye mwanafunzi!"

"Ila nimesahau hatua zake. Akili yangu ndogo. Nisomee tena."

"Miguu inyooke, kiuno kikunjwe, pumzi ishikwe, vuta kwa ghafla."

"Kiuno kinaanza, au pumzi?"

"Kiuno!"

"Na magoti?"

"Magoti yasikunjwe, nimesema! Ni uvivu!"

"Mwalimu, nionyeshe mara moja tu. Nikikuona nitainua hapohapo, hata nikivunjika."

Fisi alimeza mate. "Mwalimu hainui. Mwalimu anafundisha."

Digidigi akashusha masikio. "Basi narudi kwetu. Twende, Nyumbu."

"Eti mwalimu, hata mimi sijawahi kukuona ukiinua," alisema Nyumbu, akikuna shavu kwenye kichuguu. "Hata kijiwe. Jioni kisimani wataniuliza, nitajibu nini?"

Fisi alitazama pangoni, akatazama mapaja ya Digidigi. Tangu Swala ahitimu alikuwa hajala chakula cha maana, na Ngiri alikuwa mgumu kufa. Njaa ikamshinda.

"Haya! Tazameni! Mara moja tu!"

Akalikaribia jiwe dogo.

"Mwalimu na kijiwe!" alicheka Nyumbu. "Hata mimi nakipiga teke hicho!"

Fisi akaenda kwenye jiwe kubwa. Akaliinamia. Taratibu, akidhani hawaoni, akaanza kukunja magoti.

"Mwalimu, magoti!" aliita Digidigi.

"Magoti, mwalimu!" aliunguruma Nyumbu. "Huo uvivu!"

Fisi akanyoosha miguu. Jasho likamtiririka. Akaanza kuachia pumzi kidogo.

"Pumzi ishikwe, mwalimu! Si ulisema?"

"Najua nilichosema!"

"Sasa kwa ghafla!"

Kama Fisi angegeuka wakati ule na kuisahau sheria, hatua tatu tu zingemtosha. Fisi hakugeuka. Wanafunzi wake walikuwa wanamtazama.

Akavuta.

KAH!

"Uuuuuwiii!" Sehemu ya nyuma ikashuka kama paa lililokatika nguzo. Akagaagaa vumbini.

"Pole, mwalimu," alisema Digidigi. "Panauma? Vizuri sana, nguvu ndiyo inaingia. Nyumbu, kile kibuyu cha mafuta."

Nyumbu alikitoa mlangoni pa pango, akakifungua, akanusa. Akanusa tena. "Mbona kinanukia kama jikoni siku ya sikukuu?"

"Tazama firimbi yake vizuri. Unaijua hiyo pembe?"

Nyumbu aliinama. Akaona ule ufa. Kicheko chake kikaisha.

"Tulikuwa tunacheza pamoja," alisema. "Niliamini amehitimu."

"Maji!" alilia Fisi. "Nakufa kwa kiu! Binti yangu, maji!"

"Maji hayafai kwa mgongo ulioteguka," alisema Digidigi. "Ni somo lako mwenyewe."

Wakaingia pangoni. Ngiri alikuwa hai, macho yamezama, ulimi umekauka kama gome. Digidigi akachuchumaa, akatoa pumzi, akasukuma ardhi kwa miguu, akamwinua kichwa na mabega, na Nyumbu akampokea mgongoni. Wakashuka naye hadi kisimani kwa Twiga, aliyekuwa na zamu siku ile. Ngiri akanywa, gu-gu-gu-gu, na kijiji kizima kikasikia habari za mafuta.

Fisi hakufa. Alijikokota hadi porini, na mpaka leo nyuma yake imeshuka. Ile sauti yake mnayodhani ni kicheko, wadogo zangu, si kicheko. Ni kiuno.

Usiku wa Alhamisi ile Digidigi hakulala vizuri. Alirudia kuinua jiwe la kusagia mpaka mama akamkataza.

Kesho yake, Ijumaa, saa kumi na moja na nusu alfajiri, alikwenda kisimani. Wote walikuwa wamepanga foleni na mitungi yao. Magoti yaligongana, ko-ko-ko. Akasogea karibu na jiwe mpaka miguu ikaligusa. Akachuchumaa kama anayeosha vyombo. Akatoa pumzi. Akasukuma ardhi.

Jiwe lilikataa. Kisha likapumua kidogo ukingoni. Kisha likasimama, likaviringika: gudu, gudu, gudu, puu!

Digidigi akachota mtungi wa kwanza, akampelekea mama.

Asiyethubutu kubeba anachokubebesha, usimkabidhi mgongo wako.