Pembe ya Bi Nungu

Hadithi, nije nisije?

Njoo!

Mmeitikia kama mnaumwa meno. Nije nisije?

Njoooo!

Hapo kale, wanyama walipokaa mji mmoja, Bi Nungu alikuwa mpiga mbiu. Akipuliza pembe ya mji, wote wanatii. Hakuna wa kuuliza.

Mwaka huo mji ulitafuta mkuu mpya. Fisi wa bondeni anautaka ukuu, Pongo wa kilimani anautaka. Ulimi ukamwasha Bi Nungu. Akaitundika pembe ukutani, akaketi barazani na majirani.

"Pembe ile kuleee. Hapa naongea mimi kama mimi. Fisi simtaki."

Jana simtaki, leo simtaki, kesho simtaki. Mnacheka? Nani hapa angenyamaza? Hata mimi nisingeweza, na akili nawazidi wote!

Asubuhi moja akaona moshi. Moto wa nyika, na upepo unausukuma bondeni. Miiba ikamcheza, cha! cha! cha! Akapuliza pembe.

"Moto! Vukeni mto!"

Wa kilimani wakavuka. Wa bondeni wakakaa, wanatafuna.

Akawakimbilia, akapuliza tena. Fisi akatoka anajinyoosha.

"Bibi wee, si hunitaki? Leo watuhamisha ili Pongo achukue nyumba zetu?"

"Hii ni pembe, bwana Fisi, si mimi!"

"Nitajuaje?"

Akapuliza mara ya tatu, pumzi ikamkatika. Watoto wa Fisi wakamwigiza, puu! puu! Wanacheka, wanakohoa moshi. Bi Nungu akageuka, akauona moto unakuja. Watateketea hawa, na ni kwa mdomo wake.

Akaitupa pembe chini.

"Haya, naongea mimi kama mimi. Kaeni! Ng'ambo Pongo anatawazwa sasa hivi. Mkija mtatuharibia sherehe. Msivuke!"

"Ati nini?" Fisi akaruka. "Twendeni!"

Wakavuka wote, watoto mgongoni, matusi mdomoni. Nyuma yao moto ukala nyumba, ukala na pembe.

Ng'ambo, Fisi akaitafuta sherehe. Hakuna. Akageuka, akaona bonde linawaka. Akakaa chini.

Mji ukachonga pembe mpya, ukampelekea Bi Nungu.

"Nikipuliza mtakimbia?" akauliza.

"Tutakimbia, mama," Fisi akasema. Akajikuna. "Ila kwanza tutauliza: ni pembe, au ni wewe?"

Miiba ikamcheza, cha! cha! cha! Bi Nungu akawarudishia pembe. "Mkianza kuuliza, moto hautangoja. Mpeni asiyeulizwa."

Hadithi yangu imevuka mto. Aliyebaki bondeni, shauri yake!